Bia ya Baridi Niliyoifungua Kipupwe

Chupa zilikuwa mbili, kila moja imeviringishwa kwenye soksi ya sufu nene ambayo hapa Paje, Unguja, haina kazi yoyote, na mgeni wangu alizitoa kwenye begi taratibu akaziweka juu ya kaunta kama mtu anayepanga mayai. Ilikuwa Disemba, tarehe ishirini na kitu, Kaskazi limeshika kwelikweli, joto lile la shati kugandia mgongoni saa nne asubuhi. Ni mzee wa Ohio, Marekani, mwaka ule ulikuwa wa tatu anakuja, na kila akija maongezi yetu ni bia tu, kwa sababu mi ni mtu wa baa na yeye ana shemeji yake anayepika bia gerejini kwake huko. Akaniambia hizi ni bia za krismasi, kwao zinatoka mara moja kwa mwaka baridi ikiingia, na ndani zina viungo. Nikauliza viungo gani, akanigeuzia lebo: mdalasini, tangawizi, kungumanga, karafuu.

Karafuu. Nikaisoma tena, nikapitisha na kidole juu ya neno. Ukikaa visiwa hivi miaka mingi karafuu inakuwa kitu cha nyumbani, ipo kwenye pilau, ipo kwenye chai, ipo kwenye jino likiuma, msimu ukifika unaisikia harufu barabarani kabla hujaliona gari lililobeba magunia, lakini kuiwaza ndani ya bia, hapana, haijawahi kunijia hata siku moja.

Kabla sijaendelea niseme mapema. Mi ni Mchaga wa Kibosho, Mkatoliki, niko Unguja mwaka wa kumi na tatu sasa, sita nilikaa Nungwi na zilizobaki huku mashariki. Nakunywa bia kwa kiasi na kuionja ni sehemu ya kazi yangu. Najua wengi mnaonisoma hamnywi, majirani zangu hawanywi, na sina nia ya kumvuta mtu kwenye kisichomhusu. Ila stori hii nusu yake ni ya viungo, na kwenye viungo walimu wangu wote ni watu wasiogusa pombe.

Chupa ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Niliisukuma kwenye friza la baa katikati ya soda na laga mpaka ikatoka jasho, shifti ikaisha karibu saa sita usiku, nikaenda kukaa mchangani nyuma ya vyumba vya stafu, nikaimimina kwenye glasi nayo imetoka kwenye friza. Nikanywa. Utamu wa sukari, basi, halafu nyuma yake uchungu wa karafuu umeganda kooni kama nimetafuna dawa. Harufu hakuna. Mdalasini hakuna, kungumanga hakuna, nikaisubiri mpaka glasi ikaisha sikuona kitu. Niliumia, maana mtu kaivusha Atlantiki kwa ajili yangu, kaifunga na soksi, afu mi najibu nini asubuhi.

Nikamjibu ukweli. Akaniuliza niliinywa vipi, nikamweleza, akatikisa kichwa akasema hapo ndo ilipofia. Laga tulizozizoea, Kilimanjaro, Safari, Serengeti, zimetengenezwa zinywewe baridi, hamira yake inafanya kazi kwenye ubaridi na bia inatoka safi, nyepesi, inakata kiu. Hizi za kwake ni aina ya eli, hamira yake inapenda joto zaidi, na ikiwa kwenye joto inazaa harufu nyingi, za matunda, za mkate, mambo mengi. Eli nyeusi yenye nguvu inatakiwa iwe kwenye digrii 10 mpaka 13 hivi. Ukiipeleka kwenye barafu umeifunga mdomo. Na ukifikiri ni kweli, kiungo hatukisikii ulimini, tunakisikia puani, na kitu kikiwa baridi sana hakitoi mvuke wa kufika puani. Pilau likipoa si unajua linavyokuwa? Mchele tu.

Akanieleza na kwa nini bia hii ni ya Disemba. Kwao mwezi huo maji yanaganda, jua linazama saa kumi na moja jioni, watu wanajifungia ndani na wanataka kitu cha kupasha mwili, ndo maana zinakuwa na nguvu kuliko bia za kawaida, asilimia 7, 8, wengine wanapita hapo. Na siyo mambo ya leo. Uingereza ya zamani walikuwa wanapasha bia motoni pamoja na sukari, tangawizi na kungumanga, wanatumbukiza na matofaa ya kuchoma, wanazungusha bakuli moja kubwa huku wanatakiana uzima, na jina lenyewe la ile shughuli, wassail, asili yake ni hiyohiyo, uwe mzima. Kwa Wamarekani wa bia za krafti, zile za viwanda vidogo, mfano mkubwa ulikuwa Anchor wa San Francisco, walianza kutoa bia ya krismasi mwaka 1975 na kila mwaka wakawa wanabadilisha mapishi. Huko kwake Ohio iliyo maarufu ni ya Great Lakes ya Cleveland, ina asali, tangawizi na mdalasini, asilimia 7.5. Hii aliyoniletea mimi ilikuwa ya kiwanda kingine kidogo, jina nitaliacha kwa sababu huko mbele nina neno juu yake.

Wakati anaongea mimi mawazo yalikuwa Kibosho kwa bibi. Mbege ya bibi. Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka zinageuka rangi, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, ulezi unaoteshwa unakuwa kimea, unasagwa, unapikwa uji, unapozwa, unachanganywa. Na ndani kunakuwa na msesewe, gamba la mti, chungu balaa, bibi alikuwa analionja kwanza kwa ncha ya ulimi, anakaa kimya kidogo, ndo anasema hili litie, hili punguza. Bila msesewe mbege inakuwa tamu ya kitoto, ukizidisha hakuna mzee atakayeshika kata mara ya pili. Kwa hiyo habari ya kutia kitu cha mti ndani ya pombe mi sikuiona ya kizungu. Hata Ulaya kabla hopsi, yale maua machungu ya kutia kwenye bia, haijatawala walikuwa wanatia majani na mimea ya porini kwao. Kila mtu alitia alichonacho.

Basi. Chupa ya pili nikaipeleka nyumbani, nikaisimamisha chini kabisa kwenye friji langu, kule kwenye mboga ambako hakugandi, nikaapa siifungui mpaka nipate baridi. Mzee akasema bia yenye nguvu ikikaa kwenye ubaridi na giza haina neno, inatulia. Krismasi ikapita, nikaenda misa mjini, kanisa la Minara Miwili, na kurudi usiku na daladala ya mwisho, Ramadhani ikaingia ikatoka, masika yakapiga barabara ikawa mto, na kila nikifungua friji kuchukua nyanya naiona ile chupa ya kahawia imesimama pale inanisubiri.

Mwezi wa saba nikapata likizo na mwenzangu wa jikoni, Mpemba wa Mtambwe, akaniambia twende kwetu ukaone karafuu, wewe kila siku unawasimulia wageni karafuu hujawahi kuziona zikiwa mtini. Kweli. Nilikuwa nimeziona za Kizimbani, zile za kuonesha watalii, mti mmoja mmoja. Pemba ni habari nyingine. Tumeshuka Mkoani asubuhi na meli ya usiku, kipupwe kimetanda, madereva wa bodaboda wamevaa masweta na kofia za sufu, na kuanzia Chake kwenda Wete ukitoa kichwa dirishani harufu inaingia yenyewe. Mashamba yanapanda vilima yanashuka, mikarafuu mirefu kama minara, mingine watu wanasema babu zao waliikuta. Watu wengi hawajui kwamba Unguja nayo ilijaa karafuu hivyohivyo, ila dhoruba kubwa ya 1872 iliilaza chini mikarafuu mingi sana, na toka hapo Pemba ndo ikawa nyumba yake.

Baba yake mwenzangu mi namwita ami. Nilipompa shikamoo akaitikia marahaba, akanishika mkono hakuuachia mpaka tukafika barazani. Anajua nafanya kazi baa, hajawahi kuniuliza lolote, na mimi kwake sijawahi kuliingiza. Ila safari hii nilikuwa na swali linaloniwasha, nikaona bora nimwambie wazi kuliko kuzungukazunguka. Nikatoa simu, nikamuonesha picha ya lebo, nikamwambia ami, kuna watu wa baridi huko wanatia karafuu kwenye pombe yao, na mimi niliionja ikanichoma uchungu tu, nataka kujua kosa liko wapi. Akaitazama picha muda. Hakukasirika. Akauliza kitu kimoja, tena kwa sauti ya mtu wa kazi kabisa.

"Hao wanaotia, waijua mpeta na isokuwa mpeta?"

Nikasema sijui. Akainuka.

Uani majamvi yalikuwa yametandazwa, karafuu za siku ya kwanza upande mmoja bado zina wekundu na ubichi, za siku ya tatu upande mwingine zimeshakuwa kahawia. Wanawake na watoto wamekaa kivulini wanachambua, kichwa huku, kikonyo huku, mikono inakwenda bila hata kutazama. Karafuu inachumwa kabla ua halijafunguka, kichwa bado duara, ikishapasuka imeshaondoka. Mchumaji analipwa kwa pishi, anapanda juu na kamba na fimbo yenye kulabu, na mti wenyewe ni mkavu unakatika bila kutoa taarifa, hiyo ni kazi ya roho mkononi. Kilo tatu mbichi zikikauka unapata kama moja. Mvua ikizinyeshea pale kwenye jamvi, au zikirundikwa mbichi zikapata moto, zinageuka mpeta, zinasinyaa, zinapauka, Shirika la serikali la karafuu likija kununua zinakwenda daraja la chini.

Ami akaokota moja ya siku ya nne, akanitia kiganjani. "Iminye kwa ukucha, hapo shingoni." Nikaiminya. Palipobonyea pakang'aa, mafuta, kidogo sana, kama jasho la juu ya mdomo, na harufu ikapanda mpaka machoni. Akaingia ndani akarudi na nyingine, kaitoa kwenye kopo la zamani, sijui la miaka mingapi. "Na hii." Nikaminya, ukucha ukateleza, pakavu. "Hiyo ukuni," akasema. Halafu akaagiza bakuli la maji, akazitumbukiza zote mbili, ile nzima ikasimama wima kichwa juu, ile kavu ikalala ubavu inaelea. Nilimuomba arudie, akarudia na nyingine kama kumi, na kila mara ilikuwa vilevile.

Jioni mkewe akatuletea chai. Nilikuwa nimekaa karibu na jiko namtazama anavyoipika, tangawizi kaiponda kaiweka toka mwanzo ichemke na maji, kipande cha mdalasini kikafuata, iliki, na karafuu hakuzigusa mpaka birika linataka kuteremshwa, ndo akadondosha mbili. Mbili, birika zima, watu saba. Nikamuuliza mama mbona mbili tu na uani zimejaa majamvi. "Ukitia ya tatu ishakuwa dawa ya jino," akasema, akafunika.

Siku ya kuondoka ami akanipa konzi mbili kwenye karatasi za kutia kwenye pilau langu, akazifunga na uzi.

Nikarudi Paje Alhamisi. Ijumaa usiku upepo wa Kusi ulikuwa unavuma kutoka baharini, mnazi unalalamika, ubaridi wa kwetu huu wa digrii 22 hivi wa kujifunika shuka zito, nikaona ni leo. Nikafunga mlango. Nikatoa chupa, nikaiacha mezani, kila baada ya dakika chache naigusa shingoni kwa nyuma ya vidole. Pembeni nikapanga sahani, karafuu za ami, kipande cha mdalasini wa shambani, nusu ya kungumanga niliyoikwangua palepale, na vipande viwili vya mkate wa kumimina niliununua jioni njiani. Glasi nikachukua ya mvinyo, yenye tumbo, ili harufu ikae.

Dakika ishirini zikafika, nikafungua. Nikamimina kwa kulaza glasi, taratibu, ile hamira iliyolala chini ya chupa nikaiacha hukohuko. Rangi yake kama maji ya tende, ukiinyanyua kwenye taa pembeni inakuwa nyekundu nyekundu kama ukwaju. Povu halikuwa jeupe, lilikuwa rangi ya povu la chai ya maziwa ikimiminwa kutoka juu, likakaa dakika mbili likaacha pete kwenye glasi.

Nikainusa kabla sijaonja, na ninachokumbuka ni kwamba nilicheka peke yangu chumbani, kwa furaha, maana ilikuwa bia nyingine kabisa! Kwanza mkate, ganda la mkate uliotoka sasa hivi tanuri, hiyo ni kimea, shayiri iliyokaushwa mpaka ikaungua kidogo. Halafu sukari iliyoungua, ile harufu ya sufuria la halua linapokaribia kushuka. Halafu zabibu kavu. Vyote hivyo Disemba vilikuwepo mle ndani na mi nilivifungia kwenye friza.

Mdalasini ukaja. Hapa nikasimama. Niliunusa, nikanusa wa kwenye sahani, nikarudi kwenye glasi. Siyo ndugu. Wa kwetu gamba lake jembamba, linajikunja tabaka tabaka kama karatasi, harufu yake ina utamu wa ua ndani yake. Wa kwenye glasi ulikuwa umenyooka, unachoma, harufu ya bigijii nyekundu. Marekani mdalasini mwingi unaouzwa madukani ni ule wa gamba nene, kasia, mti wa jamii hiyohiyo lakini siyo huu wa kwetu, na mtu aliyekua nao ndo anaujua huo huo. Siwalaumu. Ila nilitamani shemeji wa yule mzee auonje huu hata kidole kimoja.

Nikanywa. Mdomoni nzito, inateleza, utamu upo lakini sasa una kitu cha kuushikilia, uchungu mdogo wa hopsi unakuja nyuma. Tangawizi haikujitokeza mpaka nimeshameza, ikaanza kooni ikashuka kifuani polepole, pana, kama mtu kakuwekea kiganja cha moto. Aliyeitia hiyo tangawizi ni fundi, nitamsifia popote. Na glasi ilipofika nusu, bia imeshapata joto la mkono, ndo kungumanga ikatoka. Ilikuwa imejificha muda wote. Harufu ya kasha la mbao la kwa bibi harusi likifunguliwa, nguo, ubani wa mbali, na mbao yenyewe. Nikaacha kunywa nikawa nanusa tu, sijui dakika ngapi, upepo nje unapiga bati.

Karafuu sasa. Miezi saba ilikuwa imeipunguza makali, hiyo nakiri, Disemba ilinipiga ukutani na Julai ilinisukuma tu. Lakini bado ilikuwa inaingia kabla haijaitwa. Inakaa kwenye ncha ya ulimi, inashika, haiondoki, na haikuwa na kitu kingine zaidi ya huo uchungu. Nikachukua moja ya ami nikaitafuna nikasikiliza. Kwanza ina utamu, watu wanasahau, karafuu nzima ina utamu kama wa tunda, kisha joto, kisha mwisho kabisa ndo ganzi inatambaa. Hatua tatu. Ile ya kwenye chupa ilirukia ya mwisho. Mi naamini kabisa ilitiwa ya unga, tena unga uliokaa, maana karafuu ukishaisaga mafuta yake yanaanza kuondoka na hewa siku hiyohiyo, kinachobaki ni ule ukuni wa ami, na mtu akiona harufu haitoshi anaongeza kijiko, na kijiko kinachoongezeka ni uchungu tupu.

Ikanikumbusha jambo la mwaka juzi. Mgeni Mjerumani alinionjesha bia ya ngano ya kwao Bayern, nikainusa nikamwambia hii ina karafuu, akasema haina, nikabisha, naishi Zanzibar mimi huwezi kuniambia karafuu. Haina kweli. Kule tangu 1516 kuna sheria ya bia, maji, shayiri na hopsi, viungo hakuna, na ngano yenyewe ilikuja kwa ruhusa maalumu. Ile harufu inatengenezwa na hamira. Kuna hamira za aina hiyo, kuna kitu inakikuta ndani ya nafaka inakigeuza, na kinachotoka ni ndugu wa karibu sana wa kile kinachonukia ndani ya karafuu, na pembeni yake inazaa na harufu ya ndizi mbivu. Ni kidogo mno, chembe, lakini pua yangu iliidaka toka mbali na ningeapa mahakamani. Nikiwa pale mezani na chupa ya Ohio ndo nikaelewa nilichofundishwa siku ile, kwamba karafuu haihitaji wingi ili isikike. Ikitiwa kidogo pua yako inainama kuitafuta, na huko kuitafuta ndo raha yenyewe. Mama wa Mtambwe na birika lake la watu saba analijua hilo bila kunusa bia yoyote.

Nikamalizia glasi na mkate wa kumimina, na nikwambie, iliki ya kwenye mkate na ule utamu wa mchele na tui vilichukua ile karafuu vikaikalisha chini. Nusu ya pili ya bia ikawa nzuri kuliko ya kwanza. Kama utapata bia ya namna hii uko huku na unakunywa, tafuta mkate wa kumimina, usihangaike na karanga za baa.

Usiku uleule nikamwandikia mzee WhatsApp, ndefu, ya sauti na ya maandishi, sikumficha kitu. Nikamwambia kimea kizuri, tangawizi nzuri sana, kungumanga imenitoa machozi, mdalasini siyo, karafuu mbovu. Nikampigia na picha ya karafuu mbili kwenye bakuli la maji, moja imesimama moja imelala. Asubuhi nikakuta kajibu, kampelekea shemeji yake, na shemeji anauliza maswali kama kumi, kubwa likiwa ndoo yake ni ya lita 20, atie ngapi? Maana kwenye mapishi aliyonayo yeye wameandika vijiko.

Nikakaa nikapiga hesabu ya birika la mama, nikapunguza maana pale kuna hopsi tayari inaleta uchungu. Nikamjibu aanze na sita. Nzima, asisage, labda azipasue vichwa tu. Azitie dakika tano za mwisho wa kuchemsha, siyo mwanzo. Kama anaogopa, aziloweke pembeni kwenye pombe kali siku chache, bia ikishakuwa tayari adondoshe tone tone huku anaonja, akiisikia tu aache, asisubiri aisikie vizuri. Mdalasini nitampa wa huku. Akasema anapika Oktoba, mwaka huu atapika na karafuu alizonazo, za kwangu mzee atazibeba akija Disemba, za mwaka unaofuata.

Kwa hiyo konzi mbili za ami hazijaenda kwenye pilau. Nimezitia kwenye chupa ya asali niliyoiosha nikaikausha jua siku mbili, kifuniko kinabana, iko kabatini gizani. Karafuu nzima ikifungwa hivyo inakaa mwaka na zaidi. Kila Ijumaa naifungua, natoa moja, naibonyeza kwa ukucha hapo shingoni. Jana mafuta bado yalitoka.